Mshenga Asiye na Kura

Kwetu Tanga mwenye shida hasemi shida yake mwenyewe. Anakaa mkekani, anaangalia vidole vya miguu yake, na mshenga anasema. Ndivyo tunavyoposa, ndivyo tunavyoomba radhi, na ndivyo tunavyomwendea mkubwa yeyote mwenye uwezo wa kutusaidia au kutuumiza. Mimi nimekuwa mshenga wa ukoo tangu nikiwa msichana, kwa sababu nina mdomo. Mama alikuwa akisema nikipewa nafasi ninaweza kumwombea mwizi kazi ya ulinzi, na akapewa na bunduki.

Kwa hiyo mwaka 2019, mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Uingereza kuniambia kwamba serikali ya huko imemkatalia ombi lake la kukaa, hakuuliza afanye nini. Alisema, “Dada, utanisemea?”

“Nitakusemea,” nikamjibu papo hapo. Nilikuwa Turffontein, Johannesburg, nimekaa mbele ya cherehani, na wala sikujiuliza nitamsemea kwa nani.

Ombi lenyewe lilikuwa hivi. Mdogo wangu alikuwa ameishi kule miaka kumi, akifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, kwenye mji mdogo wa kaskazini ambao viwanda vyake vilifungwa zamani. Binti yake wa miaka mitano alizaliwa hukohuko. Nikimuuliza shikamoo yangu iko wapi, ananijibu kwa Kiingereza kwamba anaangalia katuni. Sheria ya kule inasema ukishatimiza miaka kumi unaweza kuomba ukae moja kwa moja, mradi hukuwahi kutoka nje ya nchi kwa muda mrefu mno kwa mpigo mmoja. Mdogo wangu aliwahi. Alikwenda Tanga kumuuguza mama.

Mama alikuwa na mabinti wawili, na kwa haki ya Mungu tungepokezana. Lakini kibali changu cha Afrika Kusini kilikuwa Home Affairs, ofisi ya uhamiaji ya huku, kikisubiri kuongezwa muda, na nilichokuwa nacho mkononi ni risiti tu. Ukitoka na risiti, kurudi ni bahati nasibu. Mdogo wangu akasema, “Wewe kaa, dada, nitakwenda mimi, mwezi mmoja tu.” Mama hakupona na hakufa. Mwezi ukawa miezi. Mdogo wangu alikaa zamu yake, akakaa na zamu yangu, mpaka akamzika. Wizara ya Uingereza ilipohesabu siku alizokaa nje, nusu ya siku zile zilikuwa zangu. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Sasa rufaa yake ikishindwa, yeye na mtoto wangepandishwa ndege, na kazi ya miaka kumi ingeishia kwenye sanduku la kilo ishirini na tatu.

Nikaenda kwa ami. Ami ni mdogo wake marehemu baba, na anauza vitambaa na khanga Marshalltown. Ilikuwa ile wiki ambayo vijana walikuwa wakivunja maduka ya wageni mjini, kwa hiyo alikuwa ameteremsha mlango wa chuma nusu, na ili uingie ilibidi uiname kama unaingia kwenye tanuri. Alikuwa amekaa ndani gizani na redio ndogo sikioni, akisikiliza kama wamefika mtaa wake.

“Polisi umewaambia?” nikamuuliza.

“Niwaambie nini? Wataniuliza karatasi zangu kabla hawajaniuliza jina la mwizi. Haya, sema lako.”

Nikamweleza. Ami ni mtu wa siasa. Nyumbani alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mpaka leo akiona watu watano wamekaa pamoja anatafuta ajenda. Alisikiliza, akavuta pumzi, akauliza swali moja, “Mbunge wa pale ni wa chama gani?”

Nikamwambia mdogo wangu alisema ni mwanamke, wa upinzani.

“Basi huyo tumwache.” Alisema hivyo kwa upole, kama anayemwambia mteja kitambaa hiki kinachuja. “Mwanangu, mpinzani ni wa kupiga kelele. Ukitaka maji yatoke, nenda kwa mwenye funguo za bomba. Tutafute mtu wa chama tawala.”

Na mimi, mshenga wa ukoo, nikaona ni maneno ya maana. Sijui nani kati yetu, watu wa kule kwetu, angeona vinginevyo. Tumekulia mahali ambapo mbunge wa upinzani akiomba barabara, barabara inapita jimbo la jirani. Ami alikuwa amemwona kwenye televisheni mbunge mmoja wa chama tawala cha Uingereza, mzee mwenye tai pana, akizungumza vizuri juu ya biashara na Afrika. “Huyu ana huruma,” akasema. Huruma yenyewe aliiona kwenye tai. Tukamwandikia barua pepe. Niliipamba: nikaanza na afya yake, nikapita kwa Malkia, nikashuka taratibu mpaka kwa mdogo wangu.

Tukasubiri. Mdogo wangu alikuwa ameshakata rufaa, na wakati rufaa iko mezani alikuwa na haki ya kuendelea kukaa na kufanya kazi. Lakini kila bahasha iliyoanguka mlangoni kwake ilimtoa jasho. Aliacha kununua vitu vikubwa. Mtoto aliomba baiskeli, akamwambia tutaona. Mimi nilikuwa nikimwambia, “Tulia, tumeshampata mtu.” Wiki zilikuwa zinakwenda.

Jibu la mzee wa tai lilinikuta Braamfontein. Nilikuwa nimepeleka majoho ya mahafali niliyokuwa nimepunguza kwa ajili ya wanafunzi, nimesimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, nasubiri iwake kijani nivuke, simu ikalia. Jibu lilikuwa fupi na la adabu. Alisikitishwa na habari zetu. Hata hivyo, kwa desturi ya Bunge lao, mbunge hashughulikii jambo la mkazi wa jimbo la mbunge mwenzake, hata awe wa chama gani. Mdogo wangu amwone mbunge wake. Taa ikawaka kijani, watu wakanipita, ikarudi nyekundu, mimi bado nimesimama na majoho yangu mabegani. Nilitamani kumpigia ami nimtukane, lakini ami hatukanwi. Nikamtukana mzee wa tai, kwa Kidigo, pale pale barabarani.

Kumbe kule kila mtu ana mbunge wake kama anavyokuwa na mjomba. Hukumchagua, pengine humpendi, lakini ndiye wako, na mjomba wa mwenzako hakuozeshi.

Ami hakukubali kushindwa. “Sawa, twende kwa huyo mama. Ila si mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi.” Akachagua khanga dukani kwake, doti moja nzuri, nyekundu na nyeusi, yenye maneno *Wema hauozi*. Akampa kijana wa Kizanzibari aliyekuwa anapanda ndege kwenda London, na kijana akaituma kwa posta mpaka kaskazini. Mdogo wangu akaibeba mpaka ofisi ya mbunge siku aliyokwenda kuomba miadi. Msaidizi wa ofisi, msichana mwenye pete puani, akaikunjua, akaisifu sana, kisha akaikunja na kumrudishia. Akamweleza kwamba mbunge hawezi kupokea zawadi kutoka kwa mtu ambaye anamshughulikia jambo lake.

“Dada, nilitaka ardhi ipasuke,” mdogo wangu aliniambia. “Ameniona mtoa rushwa.”

“Khanga ni rushwa?”

“Kwao ni rushwa. Nimeiweka kwenye droo. Na nyinyi huko msinitumie kitu tena.”

Alikuwa hajawahi kunisemesha hivyo. Nilikasirika, nikakata simu, kisha nikampigia tena kwa sababu sikuwa na mdogo mwingine.

Miadi ikapatikana. Wabunge wa kule Ijumaa hurudi majimboni na kukaa mahali, maktaba au ukumbi, wakazi wanakuja mmoja mmoja na shida zao. Tukapanga. Mdogo wangu angeingia na simu, angeiweka mezani, na mimi ningesema. Niliandaa hotuba. Nilisema mbele ya kioo, na jirani yangu, msusi kutoka Bukavu ambaye tumepanga naye nyumba moja, alikuwa anasuka mteja sebuleni huku ananisikiliza.

“Eh, dada,” akasema, “weye unasema mingi. Ule mama atalala.”

“Nyamaza, wewe. Hujui mambo ya wakubwa.”

“Bakubwa ya kwetu banapenda mingi. Ba Bulaya banaangaliaka saa.”

Ijumaa ikafika. Umeme ulikuwa umekatika Turffontein, na simu nilikuwa nimeichaji asubuhi kwa hofu hiyo. Nilikaa kitandani, mlango nimefunga. Mdogo wangu alinipigia akiwa bado kwenye foleni maktabani, akaniacha hewani. Niliwasikia waliomtangulia. Mwanamume mmoja alilalamika juu ya ukuta wa nyumba yake unaotoa maji. Bibi mmoja alitaka basi lirudishwe kupita mbele ya zahanati. Nikashangaa. Kwa mbunge wa nchi iliyowahi kututawala, watu wanakwenda kusema habari za ukuta. Kisha nikasikia kiti kikivutwa na sauti ya mwanamke ikimkaribisha mdogo wangu.

Nikaanza. “Mheshimiwa, kwa niaba ya familia yetu ya Tanga, Tanzania, na Johannesburg, Afrika Kusini, napenda kwanza kabisa...”

“Samahani,” ile sauti ikasema. “Nani anazungumza?”

“Dada yangu,” mdogo wangu akajibu. “Yuko Johannesburg.”

“Nakusalimu, Johannesburg,” mbunge akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu. “Asante kwa kuwa naye. Lakini mkazi wangu ni huyu aliye mbele yangu. Ningependa kumsikia yeye.”

Nikajaribu kueleza kwamba kwetu desturi ni hii na hii, na kwamba yeye ni mdogo, haya zitamzuia. Nikasikia mbunge anamuuliza mdogo wangu, polepole, “Wewe mwenyewe unataka nini?”

Kimya. Nilijua ameangalia chini, kwenye vidole vyake, kama tulivyofundishwa. Nikamwambia kwa Kiswahili, “Sema unaomba huruma ya wizara—”

Simu ikakatwa. Si mtandao uliokata. Alinikata yeye.

Saa zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Nilipiga, haipokewi. Nilizunguka chumba. Nilikuwa na hasira ya kukatwa simu na mtu niliyempangusa makamasi, na chini ya hasira nilikuwa na woga kwamba amekaa pale bubu, muda umekwisha, na bibi mwingine wa basi ameshaitwa. Jirani yangu aligonga mlango, akaniletea chai aliyoichemsha kwenye jiko la gesi, akaniombea kwa Kifaransa. Mimi Mwislamu nikasema amina.

Mdogo wangu alipopiga alikuwa nje, upepo unavuma kwenye simu. “Nilimwambia nataka kukaa,” akasema. “Nilisema hivyo tu, dada. Nataka kukaa. Halafu nikalia. Akaninyamazia mpaka nikamaliza. Kisha nikamweleza mwenyewe habari za mama. Nilimweleza ya kumgeuza kitandani, na ya usiku ule alipoanza kuniita kwa jina lako.”

“Kwa jina langu?”

“Wiki ya mwisho aliniita wewe. Sikukuambia.”

Nilikaa chini. Hotuba yangu yote haikuwa na neno hilo, kwa sababu sikulijua.

Mbunge aliandika kwa waziri, akiomba wizara itumie ruhusa yake ya kusamehe siku zilizozidi. Msaidizi wa pete puani alimtumia mdogo wangu nakala. Alimuuliza pia, kwa kawaida tu, kama amejiandikisha kupiga kura. Mdogo wangu akacheka, akamwambia mimi mgeni. Msichana akamweleza kwamba raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali ana kura, na rufaa ikiwa mezani uhalali wake haujaondoka. Miaka kumi ameishi na haki hiyo hajui kama anayo. Aliponiambia ameshajiandikisha nilimpongeza, lakini wivu uliniuma. Mimi Johannesburg sina kura. Nyumbani ninayo, ila lazima niwe nyumbani siku ya kupiga. Nimelipa kodi za nchi mbili na sijawahi kumchagulia mtu yeyote hata kiti cha mwalimu mkuu.

Kisha Bunge la Uingereza likavunjwa, uchaguzi ukaitishwa Desemba. Kule Bunge likivunjwa, wabunge wote wanaacha kuwa wabunge siku hiyohiyo. Yule mama mbunge akawa mgombea tu, anagonga milango na koti la mvua kama muuza sabuni. Jibu la waziri lilikuwa bado. Na magazeti ya kule yalikuwa yanasema miji kama ule, iliyokuwa ya upinzani tangu enzi za makaa ya mawe, safari hii itageuka.

Ami akaitisha kikao nyumbani kwangu. Duka lilikuwa limefunguliwa tena, vioo vipya, na alirudi na nguvu. Simu ikawekwa katikati ya meza, mdogo wangu yuko hewani.

“Binti, sikiliza,” ami akasema. “Huyo mama anaondoka. Mpigie kura anayekuja. Karatasi yako ya kura iko mkononi mwa serikali, na ombi lako liko mkononi mwa serikali hiyohiyo. Usiwape sababu.”

“Ami, kura ni siri.”

“Siri ya nani? Mimi nimesimamia uchaguzi. Usinifundishe siri.”

Jirani yangu, aliyekuwa anachambua maharage pembeni na hakuulizwa, akasema, “Lakini ule mama si njo alimusaidia? Sasa atamutupa juu ya nini?”

“Siasa si harusi, mama,” ami akamjibu.

Mdogo wangu akauliza, “Dada, wewe unasemaje?”

Niliogopa. Niliwaza mtoto, niliwaza sanduku, niliwaza karani mmoja wizarani akiona alama mahali pasipotakiwa. “Mfuate ami,” nikasema. “Mpigie atakayeshinda.”

Alituaga kwa adabu zote, mmoja mmoja.

Siku ya kura umeme ulikuwa unakatwa kwetu mara kwa mara, na simu yangu ilikuwa kwenye mstari mwekundu. Mdogo wangu alinipigia simu mchana. Asubuhi alikuwa amemsukuma mzee mmoja wa kazini kwake, kwenye kiti cha magurudumu, mpaka ukumbi wa kanisa wanapopigia kura, na alikuwa ameona kila kitu. Sasa zamu yake mwenyewe ilikuwa imefika, yuko nje mlangoni, ananong'ona.

“Dada, wanatumia penseli.”

“Penseli?”

“Penseli, imefungwa kwa kamba. Mtu si anaweza kufuta? Na hawaombi kitambulisho, unataja jina na anwani basi. Hakuna wino wa kidole. Na karatasi ina namba nyuma, karani anaiandika pembeni ya namba yako kwenye orodha. Ami alisema kweli, wanaweza kujua.”

“Una kalamu kwenye mkoba?”

“Ninayo.”

“Basi tumia kalamu yako. Na fanya kama tulivyo—”

Simu ikazimika. Umeme haukuwepo. Nikakimbia kwa jirani, yake nayo ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Nikakimbia duka la spaza la kona, mwenye duka alikuwa na betri ya gari anayochajia simu, foleni imefika barabarani. Nikasimama. Mbele yangu watu walikuwa wanailaani serikali yao kwa Kiingereza na Kizulu, kwa raha zao, kama mtu anavyomsema mume wake. Mimi niliinamisha kichwa. Mgeni hasemi ndoa ya watu.

Simu ilipowaka, ulikuwepo ujumbe mmoja: *Nimepiga.*

Nikaandika, *Umempigia nani?*

Akajibu, *Kura ni siri, dada.*

Nilisoma mara nyingi. Mtoto huyu aliniambia hedhi yake ya kwanza kabla ya mama. Aliniambia siku mumewe alipoondoka, kabla hata mlango haujafungwa. Na sasa kwenye kitu kilichomhusu zaidi ya vyote alikuwa amenifungia nje. Nilimchukia kidogo jioni ile, na nilimwogopea sana.

Asubuhi matokeo yakatoka. Yule mama mbunge alikuwa ameshindwa. Chama tawala kilikuwa kimechukua ule mji, na ami alipiga simu kabla sijanawa uso. “Nilisema! Sasa tuna mtu mwenye funguo. Mwambie binti amwandikie leo, ampongeze, na ile khanga aipeleke hukohuko.”

Nikampigia mdogo wangu nimpe maagizo. Nilimkuta barabarani.

“Khanga nimeshaipeleka,” akasema.

“Kwa mbunge mpya? Haraka hivyo?”

“Kwa yule mama aliyeshindwa. Nilimkuta anaweka vitu kwenye maboksi. Yule msichana wa pete analia, mama ndiye anambembeleza. Nikaitoa kwenye mkoba.”

“Umempa zawadi mtu asiye na kiti! Jibu lako halijatoka! Una akili wewe?”

“Dada, alipokuwa na kiti alikuwa haruhusiwi kupokea. Sasa anaruhusiwa.” “Akaniuliza maneno yake yana maana gani. Nikamwambia. Akaikumbatia, akasema barua yake bado iko kwa waziri, na barua haipotezi kiti.”

Kura yake nilishaijua.

Jibu la wizara lilikuja siku chache kabla ya Krismasi. Mdogo wangu alinipigia kwa video, mtoto amemning'inia shingoni, bahasha mkononi haijafunguliwa. Alitaka niione ikifunguliwa. Mimi nilikuwa nimeshika meza ya cherehani. Nikamwambia, kwa mazoea, “Ilete karibu na kamera, nikusomee.”

“Nitasoma mwenyewe,” akasema.

Akasoma. Alisoma kwa Kiingereza, neno kwa neno, hadi mahali waliposema kwamba kwa kuzingatia ugonjwa wa mzazi na maelezo ya aliyekuwa mbunge, siku zilizozidi zimesamehewa. Mimi nililia kwa kelele mpaka jirani akaja mbio na kitana mkononi akidhani kuna msiba. Ami, tulipompigia, alisema mbunge mpya amefanya kazi nzuri. Tulimwacha na ushindi wake.

Tulipotulia mdogo wangu alisema, “Nikipata kadi yangu ya ukaazi nakuja Johannesburg. Tukae, nikusimulie mama wiki ile ya mwisho, yote.” Kisha akauliza, “Na wewe, kibali?”

“Bado risiti.”

“Mbunge wako ni nani?”

Nikacheka. Nikamwambia huku wabunge hawachaguliwi jimbo kwa jimbo, na mimi sina kura, kwa hiyo sina mbunge. Akasema, “Lakini si wana ofisi mitaani?” Nikamwambia zipo, chama humpangia kila mbunge eneo, moja iko upande wa Rosettenville, nimeipita mara nyingi. Akaninyamazia, namna ile alivyosema yule mama mbunge alimnyamazia. Ilikuwa zamu yangu kuangalia vidole.

Nilikwenda siku ya mwisho kabla hawajafunga kwa sikukuu. Mezani alikuwa mama wa makamo, amechoka, anakusanya vikombe. Akaniuliza nimekuja kwa ajili ya nani. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikaanza kama nilivyozoea maisha yangu yote, “Kuna dada mmoja, anakaa Turffontein, ni fundi cherehani, ana shida na Home Affairs...”

“Yuko wapi huyo dada?” akauliza. “Anapiga kura hapa?”

Nikaangalia chini. Kisha nikainua uso.

“Ni mimi,” nikasema. “Sipigi kura. Nataka kukaa.”

Akaweka vikombe chini, akavuta kiti.